Tauni ya Amwas na Miteremko ya Kilimanjaro

Sifa njema zote anazistahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.).

Katika habari za Tauni ya Amwas, iliyoikumba Sham mwaka 18 H (639 M), Khalifa Umar (r.a.) alipofika Sargh aliambiwa kuwa maradhi yameingia nchini. Akawataka shauri Muhajirina, kisha Ansari, wakahitilafiana. Wazee wa Kiquraishi wakamwambia kwa kauli moja arejee. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza: je, unaikimbia qadar ya Allah? Umar akajibu kuwa anatoka kwenye qadar kwenda kwenye qadar, akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeshuka bonde lenye kingo mbili, mmoja wa majani na mwingine mkavu: popote atakapochunga ni kwa qadar. Ndipo Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi ya kutoingia penye tauni wala kutoka hapo kwa kuikimbia.

Mfano huo hauhitaji sherehe kwa mtu wa Moshi. Wachaga walijenga juu vihambani, wakashuka tambarare kulima mahindi, huko chini kwenye joto na homa.

Wanahisabati nao waliliendea jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1927 Kermack na McKendrick walitoa hesabu ya mwendo wa maradhi, wakailinganisha na vifo vya tauni ya Bombay. Katika sura yake nyepesi, hesabu ile humchukulia mtu kuwa hukutana na wenzake kwa kiwango kile kile, hata wazikwe wangapi. Waliokuja baadaye wakaona kasoro: mwanadamu huogopa. Akisikia vifo hujizuia, vikipungua hulegea, na maradhi hurudi. Amr bin al-As (r.a.), aliyeshika uongozi baada ya Abu Ubayda na Muadh bin Jabal kufariki, aliyafananisha maradhi na moto, akawaamuru watu watawanyike milimani. Wapo masahaba waliompinga, lakini Umar hakumlaumu.

Sasa, hofu hufuata habari. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania alishukia uwanja wa KIA, hapo Kilimanjaro, 15 Machi 2020. Shule zikafungwa, ndoo za kunawia zikawekwa milangoni. Misikiti na makanisa yakaachwa wazi. Wagonjwa walipofika 509, takwimu zikakoma. Waliobaki bila hesabu walikuwa na kipimo kimoja, nacho ni misiba. Kipimo hicho huchelewa, kwani anayezikwa leo aliambukizwa wiki kadhaa nyuma, na maziko yenyewe hukusanya watu. Kisha ikaja Desemba, ambapo Wachaga walioko Dar es Salaam hurejea nyumbani. Februari 2021 akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye chama chake kilikuwa kimetangaza kuwa ana korona.

Kuhusu jamaa na Ijumaa wakati ule, wanazuoni walihitilafiana, nasi hatumlaumu aliyeswali. Tunacholaumu ni ukimya. Umar aliiweka habari ya tauni mbele ya makundi matatu kabla ya kuamua.

Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefiwa na mabinti watatu kwa tauni, aliandika kuwa Cairo mwaka 833 H vifo havikufika 40 kwa siku, watu wakafunga, wakatoka jangwani pamoja kuomba dua, na kabla ya mwezi kwisha vikazidi 1,000. Aliyaandika hayo ilhali mkusanyiko ule ulikuwa wa ibada.

Wallahu a'lam.