CCD, CMOS na ugomvi wa "rangi tamu"

Leo naweka pembeni stori za bumu na foleni ya kantini, nawaletea historia. Na siyo ya Mkutano wa Berlin, hiyo najua mmeshaichoka. Ni ya kile kibati kidogo ndani ya kamera ya dijitali kinachopokea mwanga na kuugeuza picha. Wapiga picha wanakiita sensa (siyo ile ya kuhesabu watu jamani). Wana ugomvi juu yake usioisha. Upande mmoja unasema kamera za zamani zenye sensa ya CCD zilitoa rangi tamu, zenye uhai kama za mikanda ya filamu, na kwamba hizi za CMOS zinatoa picha safi lakini baridi. Wengine wanasema huo ni ushirikina tu. Kuna watu wameuza kamera mpya wakarudia za zamani kwa ajili ya imani hiyo, na pesa yenyewe siyo ndogo.

Tuanzie mwanzo. CCD ilizaliwa Oktoba 1969 kwenye maabara za Bell, New Jersey, Marekani. Willard Boyle na George Smith walikuwa wanatafuta njia mpya ya kutunza kumbukumbu za kompyuta, picha za harusi hazikuwepo kichwani kabisa. Mwaka 2009 wakapewa Nobel ya Fizikia, na papo hapo kelele zikaanza, manake Michael Tompsett, waliyekuwa naye maabara hiyo hiyo, ndiye mwenye hataza ya kuitumia CCD kunasa picha. Sisi wa historia hatushangai, lile swali la "nani aligundua" huwa na majibu mengi kuliko nafasi ya kwenye karatasi ya mtihani.

Inafanyaje kazi? Wengi wetu tumeshapanga mstari shuleni tukapokezana matofali mpaka kwa fundi. CCD ni hivyo hivyo. Mwanga ukigonga silikoni unaacha chaji ya umeme, na kila pikseli inampa jirani yake chaji, naye anampa wa mbele, mpaka mwisho wa mstari ambako kuna karani mmoja wa kuhesabu. Kwenye CMOS kila pikseli ina karani wake mwenyewe. Aina hiyo iliendelezwa na Eric Fossum na wenzake kwenye maabara ya JPL ya NASA huko California, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inakula umeme kidogo na inatengenezwa kwa njia zile zile za chipu za kompyuta, ndiyo maana leo imejaa hata kwenye simu ya bei chee.

Sasa hapa ndipo napotaka mtulie. Kwenye maelezo yote hayo hakuna rangi hata moja! Silikoni inahesabu mwanga tu, karibu wote hawa wana sensa isiyojua nyekundu wala bluu. Rangi inatoka kwenye vichujio vidogo vidogo vinavyobandikwa juu ya pikseli, mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa Kodak na kupata hataza mwaka 1976: nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Halafu programu ndani ya kamera inakisia zilizobaki. (Kuna Foveon ya Sigma SD9, 2002, iliyopanga matabaka matatu ndani ya silikoni yenyewe. Wachache sana waliifuata, ila hao wachache hawaambiliki.) Kwa hiyo ladha ya rangi ni uamuzi wa watu: nani kachagua vichujio, nani kaandika programu.

Ushahidi wangu ni Canon. Walianza CMOS mapema, na D30 ya mwaka 2000, na Canon 5D ya 2005 ikapendwa na wapiga picha wa harusi kwa sababu ya rangi ya ngozi. Ni CMOS hiyo! Nikon kwa upande wao walikuwa na D70 (2004) na D200 (2005) zenye CCD, kisha 2007 wakaja na D300 na D3 zenye CMOS. Leica M9 ya 2009 ilikuwa na CCD ya Kodak, iliyofuata, iliyotangazwa 2012, ikawa CMOS ya mtengenezaji mwingine. Kila kampuni ilipohama sensa ilibadilisha pia vichujio na programu. Mambo matatu yamebadilika siku moja, lawama yote ikabebeshwa moja. Mwanafunzi wa kidato cha tano akijenga hoja hivyo kwenye insha ya sababu za Vita Kuu ya Kwanza, nampa alama nusu.

Lakini siwacheki wapenzi wa CCD. Sensa ya M9 ilikuja kugundulika kioo chake kinaliwa na kutu, Leica wakawa wanabadilisha, na bado watu waling'ang'ania. Wanachokiona kipo kweli. Pia zile kamera gizani zilijaa chengachenga, hivyo ulilazimika kupiga kwenye mwanga mzuri. Picha ya saa kumi na mbili jioni ni tamu hata kwa kamera ya mkopo.

Kinachoniuma mimi ni ngozi yetu. Enzi za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na inasimuliwa kuwa malalamiko yaliyosikilizwa yalikuwa ya watengeneza chokoleti na samani, waliotaka kahawia zao zionekane vizuri! Kwenye dijitali Fujifilm walifanya jambo la maana na S3 Pro ya 2004, baadaye S5 Pro: kila sehemu ya sensa ilikuwa na macho mawili, moja kubwa la kunasa kivuli, lingine dogo la kuokoa sehemu inayowaka. Nguo ya bibi harusi inabaki na nyuzi zake na suti nyeusi inabaki na mikunjo. Ni CCD, sawa, ila sifa ni ya yale macho mawili. CMOS nzuri za leo zinabeba kivuli na mwanga kwa upana huo na zaidi.

Kwa hiyo mahafali yakifika, mpiga picha wako usimuulize CCD au CMOS. Mwambie akuonyeshe picha aliyopiga saa saba mchana ya mtu wa rangi yako, kavaa joho na shati jeupe. Angalia kola, halafu angalia macho.