Mkengeuko, si Kasoro
Wanaotaka tuite "kasoro ya utengenezaji" ile tofauti kati ya panga la kompresa ya injini ya ndege lilivyochorwa na lilivyotoka kiwandani wamechagua neno lisilolingana na jambo lenyewe. Kasoro limetoka Kiarabu, katika shina lenye maana ya ufupi na upungufu, na Kiswahili hakijaisahau asili hiyo: saa tatu kasoro robo ni saa tatu iliyopungukiwa. Lakini panga linaweza pia kunenepa kupita mchoro, au pembe ya ulalo wake ikazidi. Ziada ya chuma itaitwaje upungufu? Hitilafu, neno la kambi ya pili, lilikuwa na haki zaidi, kwani Kiarabu chake ni kutofautiana tu. Hata hivyo mafundi wameshalifanya jina la umeme kukatika na mashine kugoma, na hakuna kamati itakayowanyang'anya.

Ushahidi mzito zaidi umo katika hewa. Mwaka 2003 Victor Garzon na David Darmofal wa MIT walijenga hesabu zao juu ya vipimo vya mapanga halisi, wakaonyesha kwamba tofauti za kawaida za utengenezaji zinaweza kupunguza ufanisi wa kompresa nzima kwa takriban 1%. Ukingo wa mbele ndio wa kuangaliwa kwanza. Ukichorwa kwa umbo la duaradufu kisha ukatoka butu, hewa huongeza kasi ghafla inapouzunguka, halafu hupungua kasi na kubanduka usoni mwa panga, na tabaka jembamba linaloambaa uso huo huvurugika mapema. Hapo huenda pasiwe na kilichovunjika wala kilichokataliwa na mkaguzi: kila panga limo ndani ya mipaka inayoruhusiwa, ila wastani wa yote umehama kutoka kwenye mchoro. Kuhama huko kunahitaji neno la mwelekeo, wala si neno la lawama.

Neno hilo ni mkengeuko, kutokana na kukengeuka, yaani kuiacha njia iliyokusudiwa. Mtu hukengeuka kulia au kushoto, na panga hukengeuka kwa kuzidi au kwa kupungua. Wapinzani wanadai lina harufu ya maadili, kwa kuwa mkengeufu ni mtu aliyepotoka. Pingamizi hilo ni dhaifu, maana hata huyo mkengeufu ameitwa hivyo kwa sababu ya njia aliyoiacha. Isitoshe, wao wenyewe hupendekeza mchepuko, neno ambalo mitaani Tanzania limeshachukuliwa na mapenzi ya nje ya ndoa. Mzigo wanaoulalamikia ni mzito zaidi huko. Wengine husema kasoro limezoeleka. Ndiyo, na linahitajika palepale lilipo: tukilitumia kwa panga zima lililopita ukaguzi, ufa uliojificha ndani ya chuma tutauitaje?

Matumizi ni mepesi: mkengeuko wa unene, mkengeuko wa pembe, ukingo umekengeuka kwa mikroni 50.