Mizinga ya Königsberg na tope la Rufiji

Anayedhani kuwa njia za Ruaruke na delta ya Rufiji, Tanzania, hushindwa na gari lenye nguvu tu, aanzie mwaka 1915. Tarehe 11 Julai meli za Uingereza ziliiangamiza manowari ya Kijerumani Königsberg ndani ya delta. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake 10 ya milimita 105, ikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu. Mamia ya Waafrika waliivuta kwa kamba, gurudumu likizama wakiliinua kwa mabega. Mzinga mmoja upo Fort Jesus, Mombasa. Lakini vitabu vinamtaja zaidi nahodha wa meli hiyo, Max Looff, kuliko wavutaji hao.

Utasema hayo yalikuwa kabla ya pikapu za four-wheel, na kwamba Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, mita 970, lilifunguliwa 2003 likamaliza adha ya kivuko. Kweli, lakini daraja ni la barabara kuu, si la njia za vijijini. Njia ya mawe huipa tairi pa kushika. Tope la masika haliipi kitu. Pikapu iliyoinuliwa na kuongezwa springi ikikwama, hutolewa kwa matawi chini ya tairi na mikono ya wanakijiji. Historia ya usafiri wa Rufiji iandikwe kwa kuanzia na mikono hiyo.