Motokari za mti: mkono wa mzazi na mkono wa mtoto

Tunapokusanya mila na desturi za kwetu Kasongo na Kabambare, mara nyingi kalamu yetu inakimbilia mambo makubwa: utawala, ndoa, tohara, misiba. Michezo ya watoto tunaiacha chini tukisema ni mambo ya kitoto. Lakini ukipita mtaani jioni ukamwona mtoto anavuta motokari ya mti kwa kamba, simama kidogo uitazame. Ndani ya kile kitu kidogo mna historia ya barabara zetu, na mna pia swali moja linalotuhusu sisi wazazi: nani alikaa chini pamoja na huyu mtoto akamfundisha kutoboa ule mti?

Hilo swali njo tunataka kulijadili hapa.

1. Gurudumu lilivyofika kwetu

Kwa muda mrefu mzigo wa nchi yetu ulisafiri kichwani na begani. Pembe za tembo zilizotoka Kasongo wakati wa Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi, zilibebwa na wapagazi mpaka pwani ya Bahari ya Hindi, safari ya miezi na miezi. Stanley alipofika Nyangwe mwaka wa 1876, mashua yake, Lady Alice, ilifika ikibebwa vipande vipande na watu. Wangwana waliotoka upande wa pwani walituletea Kiswahili, walieneza kilimo cha mpunga, na pamoja nao ukaja ufundi wa seremala: msumeno, randa, tindo, msumari. Majina ya vyombo hivyo tunayatumia mpaka leo. Lakini ufundi wa kuchonga mlango haukuleta gari la kukokotwa. Njia ilikuwa ya mguu tu, upana wa mtu mmoja, na mbung'o waliwaua wanyama ambao wangeweza kulivuta.

Kasongo ilitekwa na askari wa Dhanis tarehe 22 Aprili 1893, tukaingia chini ya Leopold II, na kuanzia 1908 chini ya Ubelgiji. Mwaka wa 1910 reli ya Kindu mpaka Kongolo ilifunguliwa, kilomita 355, ng'ambo ya Lualaba. Baadaye zikaja barabara. Wazee wetu walizilima kwa jembe na kwa kulazimishwa, kama walivyolazimishwa kulima pamba. Juu ya barabara hizo zikaja kamio za kuchukua ile pamba. Kwa hiyo gurudumu halikuja kwetu kama zawadi. Lilikuja pamoja na kodi na fimbo.

Hata hivyo mtoto ana akili yake. Kitu kilichomtisha baba yake yeye anakigeuza mchezo. Anakiangalia kinapita, anakimbia nyuma yake ndani ya vumbi, halafu anarudi nyumbani kutafuta mti.

2. Namna ya kuitengeneza

Sisi tuliosoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 tulizikuta kamio zingali zinafika, ijapokuwa kwa shida. Tulizijua kwa mlio kabla ya kuziona. Motokari zetu zilifuata mfano wake: kichwa, sanduku la mizigo, na mtu mmoja wa mti juu ya mzigo, maana kamio isiyo na abiria juu si kamio ya kwetu.

Mwili ulitoka katika bua la jani la raphia, lile jepesi ambalo kisu kinapita ndani yake bila kazi. Aliyetaka motokari ya nguvu alichonga kipande cha mbao kilichobaki kwa menizie. Magurudumu tuliyakata katika kambambili zilizokwisha, au tulitumia vifuniko vya mikebe. Ekseli ilikuwa kijiti kigumu kilichonyooka, au spoki ya kinga. Tundu lilitobolewa kwa msumari uliochomwa motoni. Hapo njo ilipokuwa kazi ya baba. Moto na panga vilikuwa mikononi mwake. Mengine yote yalikuwa yetu.

Mashindano yalifanyika kwenye mteremko. Sheria ilikuwa moja: hakuna kusukuma. Unaiweka juu, unaiachilia, inashuka yenyewe. Hapo ujanja wote ulionekana. Mmoja alipaka ekseli mawese, mwingine sabuni, mwingine mabaki ya mshumaa. Wengine walifunga betri kuukuu za redio upande wa nyuma ili motokari iwe nzito. Hatukuwa tumesoma fizikia, lakini mkono ulikuwa umekwisha kujua mambo ambayo leo tunayaandika ubaoni. Mzigo uliowekwa nyuma unaanzia juu zaidi pale mteremko unapoanza, kwa hiyo una nafasi ndefu zaidi ya kushuka, nao unaipa motokari nguvu zaidi. Ekseli inayosuguana na tundu inakula hiyo nguvu, na mafuta yanapunguza msuguano. Gurudumu zito linachelewa kuanza kuzunguka. Na ekseli iliyopinda hata kidogo inaipeleka motokari ndani ya majani.

Yetu ilikuwa na ugonjwa huo wa mwisho. Kila mara ilikwenda kushoto. Tulimpelekea papa.

– Papa, hii motokari haitembei muzuri. Unitengenezee.

– Iweke hapa chini, uisukume polepole. Inakwenda wapi?

– Kushoto.

– Basi uangalie mwenyewe kwa nini.

Tulikasirika. Baba wa jirani yetu alimtengenezea mtoto wake kila kitu, mpaka rangi, na ile motokari ilishinda wengi. Papa alikaa tu juu ya kiti chake, anatutazama. Tulichukua karibu jioni nzima kuona kwamba tundu moja lilikuwa chini kuliko lingine, tofauti ya unene wa ukucha. Hapo njo alipochoma msumari, akatoboa tena pale tulipomwonyesha kwa kidole. Hatukumbuki kama kesho yake tulishinda. Lakini ile jioni tunaikumbuka mpaka leo.

3. Barabara ilipokufa

Halafu barabara ikafa. Madaraja yalianguka na majani yakafunga njia. Ikaja vita ya 1996 na 1997, na ile ya 1998 mpaka 2003 ikamaliza kilichobaki. Kindu ilichukuliwa na waasi wa RCD mwezi wa Oktoba 1998. Kamio hazikuja tena, wala gari la moshi. Chumvi, sabuni, nguo na dawa vilisafiri juu ya kinga. Wababa walipakia mawese na mchele, wakafunga fimbo ndefu kwenye usukani, wakasukuma kwa miguu kwenda Kongolo au kwenda Kindu, zaidi ya kilomita 200, ndani ya matope na penye vizuizi vya watu wa silaha. Tulirudi karibu na wakati wa wapagazi, tofauti ni kwamba sasa mpagazi alikuwa na magurudumu mawili.

Angalieni sasa motokari za watoto. Waliozaliwa katika miaka hiyo hawakutengeneza kamio, maana hawakuiona. Walitengeneza kinga ya mti yenye mabidoni mawili pembeni. Waliofika Kindu waliona jipu nyeupe za MONUC, wakazitengeneza zikiwa na antena ndefu ya waya, pamoja na helikopta yenye panga la bua juu. Wa siku hizi wanatengeneza pikipiki. Kama tungekuwa na nyumba ya kumbukumbu na tungeviweka hivyo vitu kwa mstari mmoja, mgeni angesoma historia ya Maniema ya nusu karne bila kitabu.

Sisi wenyewe tuna kitu kimoja ambacho tungekiweka katika mstari huo. Wakati wa vita papa yetu aliondoka na kinga yake kutafuta chumvi. Mdogo wetu, aliyekuwa na miaka saba, alibaki anatengeneza peke yake. Alitengeneza kinga yenye mzigo, na nyuma yake mtu wa mti aliyeinama sana anasukuma. Tulipomwuliza huyu ni nani, alijibu bila kuinua macho: «Njo papa.»

Papa alirudi baada ya wiki sita, amekonda. Mtoto akamletea kile kitu. Papa akakigeuza, akakitazama muda mrefu, halafu akasema: «Gurudumu la nyuma limepinda. Kwanza ulete msumari.» Wakakaa chini wote wawili.

4. Wenzetu wa Goma na wa Marekani

Tusidhani ya kwamba mti wenye magurudumu ni mchezo tu. Wenzetu wa Kivu ya Kaskazini, Goma na vijiji vyake, wana chukudu. Ni gari la mbao la magurudumu mawili lenye usukani kama wa kinga. Magurudumu yake ni ya mti, yanazungushiwa raba ya tairi kuukuu. Nyuma kuna kipande kingine cha raba ambacho dereva anakikanyaga kwa mguu ili kisugue gurudumu: hiyo njo breki. Chukudu inabeba kilo mamia, makaa, viazi, kabichi, na imelisha jamaa nyingi na kulipia watoto masomo. Goma ilisimamisha sanamu ya rangi ya dhahabu ya msukuma chukudu katikati ya mzunguko wa barabara. Chukudu ya mtu mzima na ile ndogo anayochezea mtoto ni ufundi mmoja. Tofauti ni ukubwa tu.

Huko Marekani nako wana desturi inayofanana na mteremko wetu. Mwaka wa 1933 Myron Scott, mpiga picha wa gazeti moja la mji wa Dayton, aliona watoto wanashindana na magari waliyojitengenezea kwa masanduku na mbao. Mwaka uliofuata mashindano ya taifa yalifanyika Dayton, na mwaka wa 1935 yakahamia Akron. Mtoto anakaa ndani ya gari, anashuka bila injini. Baadaye Don Murphy, kiongozi wa kundi la skauti wadogo huko Manhattan Beach, California, alikuwa na mtoto wa miaka kumi ambaye alikuwa mdogo mno kwa mashindano hayo. Basi Murphy akabuni gari dogo la kuchongwa katika kipande cha msonobari, magurudumu manne, na misumari kuwa ekseli. Mashindano ya kwanza yalifanyika tarehe 15 Mei 1953. Nia yake ilikuwa baba na mtoto watengeneze pamoja. Sheria inasema gari lisizidi wakia 5, karibu gramu 142, na kila mwaka watoto wengi wa skauti wanashiriki.

Lakini kumbe hata kule kuna ugonjwa wake. Mwaka wa 1973, katika mashindano makubwa ya Akron, mshindi, kijana wa miaka 14, alinyang'anywa ushindi baada ya kugunduliwa sumaku ya umeme iliyofichwa mbele ya gari lake. Bamba la chuma la pale pa kuanzia lilipoanguka liliivuta ile sumaku, gari likatangulia. Aliyesimamia ujanja huo alikuwa mjomba wake, mtu mzima mwenye elimu. Na katika yale magari madogo, kila mwaka yanasikika malalamiko kwamba gari fulani limetengenezwa na baba, mtoto amelibeba tu mkononi.

Tuseme hivi: kule taabu ni mkono wa mzazi unaozidi. Hapa kwetu taabu ni mkono wa mzazi usiokuwepo.

5. Neno letu

Tuseme kweli. Wababa wengi wako kwenye machimbo ya dhahabu, Salamabila na Namoya, wanarudi baada ya miezi. Wengine wako hapa hapa, lakini jioni iko kwenye simu au kwenye pombe. Sokoni kuna motokari za plastiki zinazotoka China. Mzazi ananunua, mtoto anafurahi siku tatu, inavunjika, basi. Hatusemi wasinunue. Lakini ile ya kununua haina tundu la kusahihisha, na mtoto hawezi kuuliza kwa nini inakwenda kushoto.

Tena tusiwasahau wamama. Katika miaka ya vita, wababa wakiwa njiani au wamekufa, wengi wao njo waliochoma ule msumari. Na wasichana walikuwa wanatazama pembeni tu, kwa sababu tuliwaambia ni mchezo wa wavulana. Hilo lilikuwa kosa letu.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo jepesi lisilodai franga nyingi. Kila shule ichague mteremko mmoja na Jumamosi moja mwisho wa mwaka wa masomo. Motokari iwe ya mti wa hapa, isizidi urefu wa mkono wa mtoto kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mzazi, au mkubwa yeyote wa nyumbani, ashike moto na panga. Mengine afanye mtoto, awe mvulana awe msichana. Kabla ya kuachilia, mwamuzi amwulize mtoto maswali matatu: mti huu ni mti gani, mzigo umeuweka wapi na kwa nini, na ni kitu gani kilikushinda? Anayeshindwa kujibu asishuke, hata kama motokari yake inang'aa kuliko zote.

Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tunaongeza kwamba mkunjaji lazima awepo nyumbani. Papa yetu hakutuachia mali, lakini ule msumari wake uliochomwa mara nyingi mpaka ukawa mweusi bado tunao. Jioni mtoto wetu akija akasema motokari yake haitembei muzuri, tunajua la kumjibu: iweke chini, uisukume polepole, utuambie inakwenda wapi.