Yussuf Yurary Poulsen: Jina la Tanga, ukoo wa Denmark

JUNI 16, 2018, katika mji wa Saransk nchini Urusi, mshambuliaji wa Denmark mwenye jezi namba 20 aliifungia timu yake bao pekee dhidi ya Peru, katika mchezo wa kwanza wa nchi hizo mbili kwenye fainali za Kombe la Dunia.

Watazamaji waliomzoea katika Ligi Kuu ya Ujerumani walimjua kwa jina la Poulsen. Siku hiyo, mgongoni mwa jezi yake palisomeka Yurary.

Jina hilo ni la baba yake mzazi, Mtanzania mwenye asili ya Tanga. Mchezaji huyo aliamua kulivaa katika fainali hizo ili kumuenzi baba huyo, aliyefariki dunia kwa ugonjwa wa saratani wakati mwanawe akiwa na umri wa miaka sita.

Kwa jina kamili anaitwa Yussuf Yurary Poulsen. Majina hayo matatu yana asili tofauti, na kila moja lina habari zake.

Mtoto wa baharia

Yussuf alizaliwa Juni 15, 1994, Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Mama yake ni Mdenmark. Baba yake alikuwa akifanya kazi katika meli za makontena zilizosafiri kati ya Afrika na Denmark, na ndivyo Tanga na Copenhagen zilivyokutana katika familia moja.

Alianza soka akiwa mtoto katika klabu ya Skjold ya Copenhagen, kisha akajiunga na Lyngby. Mwaka 2013 alihamia RB Leipzig ya Ujerumani, wakati huo ikiwa daraja la tatu. Alipanda nayo hadi daraja la pili mwaka 2014, na Ligi Kuu mwaka 2016.

Akiwa na Leipzig alitwaa Kombe la Ujerumani mara mbili, mwaka 2022 na 2023, na kucheza zaidi ya mechi 400. Aliondoka mwaka 2025 kwenda Hamburg, baada ya miaka 12.

Katika timu ya taifa alianza kuchezea wakubwa mwaka 2014. Katika mchezo wa Saransk yeye ndiye aliyesababisha penalti kabla ya mapumziko, lakini Christian Cueva wa Peru akaipaisha juu ya lango. Dakika ya 59 Yussuf akapokea pasi ya Christian Eriksen na kufunga. Ilikuwa siku moja baada ya kutimiza miaka 24.

'Mwana wa Poul'

Jina la kwanza halina ugeni kwa msomaji wa Kiswahili. Yussuf ni Yusufu, jina la nabii, lililoenea katika mwambao wote wa Afrika Mashariki.

Poulsen ni jina la Kidenmark lenye sehemu mbili. Poul ni Paulo, na kiambishi 'sen' maana yake ni mwana wa kiume. Kwa hiyo Poulsen ni 'mwana wa Poul', sawa kabisa na mtu wa Ujiji kuitwa fulani 'bin' fulani.

Zamani, jina la namna hiyo halikuwa la ukoo. Lilimtaja baba tu, na lilibadilika kila kizazi. Mtu akiitwa Poul Hansen, mwanawe Jens aliitwa Jens Poulsen, na binti yake Karen aliitwa Karen Poulsdatter, yaani 'binti Poul'. Jens naye akipata mtoto wa kiume, mtoto huyo aliitwa Jensen, si Poulsen.

Utaratibu huo uliwasumbua watunza kumbukumbu. Mwaka 1828 ilitolewa amri nchini Denmark iliyotaka watoto wapewe jina la ukoo la kudumu wakati wa ubatizo. Vijijini utekelezaji ulichukua muda mrefu, na mwaka 1856 serikali ilitilia mkazo tena kwamba jina la ukoo lisibadilike.

Tangu hapo jina la babu mmoja likaganda. Watoto na wajukuu wake wote wakaitwa Poulsen, hata kama baba zao hawakuitwa Poul. Wanawake nao wakalibeba jina hilo hilo, ingawa kwa maana yake halisi linamtaja mwana wa kiume.

Kwa kuwa watu wengi waliitwa kwa majina machache ya ubatizo, Denmark ikajaa watu wenye majina yanayofanana. Mwaka 1904 ilitungwa sheria ya kurahisisha kubadili majina. Hata hivyo, majina yenye mwisho wa 'sen' bado yanatawala, na Poulsen ni miongoni mwa majina 20 ya ukoo yenye watu wengi zaidi nchini humo. Katika kikosi cha wachezaji 23 kilichokwenda Urusi mwaka 2018, saba walikuwa na majina ya aina hiyo.

Yussuf alilipata jina la Poulsen kwa mama. Kwa hiyo 'Poul' anayetajwa ndani yake ni babu wa vizazi vingi vilivyopita upande wa Denmark. Baba aliyemzaa anatajwa na jina la katikati, Yurary.

Jina hilo la tatu nalo limeandikwa kwa tahajia isiyo ya Kiswahili sanifu, ambacho hakimalizi neno kwa herufi 'y'. Majina ya watu waliovuka bahari mara nyingi huandikwa kama yalivyoingia katika hati za kwanza, na kubaki hivyo.

Si kila Poulsen ni ndugu

Watanzania walilifahamu jina hilo kabla ya Yussuf kupata umaarufu. Mwaka 2010 Jan Poulsen, raia wa Denmark, alikabidhiwa Taifa Stars. Mwishoni mwa mwaka huo aliiongoza Kilimanjaro Stars kutwaa Kombe la Chalenji jijini Dar es Salaam. Mwaka 2012 nafasi yake ilichukuliwa na Mdenmark mwingine, Kim Poulsen, ambaye alirejea tena kuifundisha Stars mwaka 2021.

Katika Kombe la Dunia la mwaka 2010 nchini Afrika Kusini, Denmark ilikuwa na wachezaji watatu wenye jina hilo: Christian, Jakob na Simon. Kwa historia iliyoelezwa hapo juu, kufanana kwa jina la Poulsen pekee hakuthibitishi undugu, kwa sababu akina Poul walikuwa wengi.

Mwandiga na Ujiji

Mkoani Kigoma hali ni kinyume chake. Mwandiga, mji mdogo ulio katika njia panda nje ya Kigoma Mjini, ndipo barabara ya Manyovu na mpaka wa Burundi inapoachana na ile ya Kasulu. Wakazi wa eneo hilo ni Waha kwa sehemu kubwa, watu ambao lugha yao inakaribiana sana na Kirundi.

Kwa mila za jamii hizi, kila mtoto alipewa jina lake lenye maana, kulingana na hali aliyozaliwa nayo au imani ya wazazi. Jina la Ndayishimiye, linalojulikana kwa mashabiki kupitia wachezaji wa Burundi, linabeba maana ya kumshukuru Mungu. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina ya mwisho yasiyofanana hata kidogo.

Ujiji, kwa upande wake, familia nyingi za Kiislamu, zikiwamo za Wamanyema waliotoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, hufuata jina la mtoto, la baba na la babu. Huo ndio mtindo walioutumia Wadenmark kabla ya mwaka 1828, na ambao Iceland inauendeleza hadi leo.

Taabu huanza pale fomu inapodai 'jina la ukoo'. Mmoja huandika la baba, mwingine la babu, na ndugu wawili hujikuta na hati zinazowaonyesha kama watu wasiohusiana. Kwa kijana anayetafuta pasi ya kusafiria au uhamisho wa klabu ya nje, tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule inaweza kumchelewesha.

Damu na uraia

Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) zinamruhusu mchezaji kuitumikia nchi alikozaliwa mzazi au babu yake, mradi awe raia wa nchi hiyo. Sharti la uraia ndilo gumu kwa Tanzania, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Kwa hali hiyo, damu ya Tanga peke yake isingetosha kumvalisha Yussuf jezi ya Taifa Stars. Alikulia Denmark, akachezea timu zake za vijana, na mechi zake za mashindano akiwa na timu ya wakubwa zilifunga mjadala.

Wengine wamechukua njia tofauti. Haji Mnoga, beki mwenye asili ya Tanzania aliyezaliwa Portsmouth, Uingereza, mwaka 2002, aliamua kuichezea Taifa Stars.

Kwa upande wa Yussuf, Tanzania ilibaki katika jina. Aliivaa jezi ya Denmark, nchi ya mama yake, na mgongoni akaweka jina la baba, likasomwa na mamilioni ya watu duniani kote kwa dakika 90 za Saransk.