Kopa, Naibu na Turufu: Historia ya Karata katika Msamiati wa Kiswahili Ikitazamwa kutoka Kigali

Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, wafasiri wa Kigali walirithi msamiati wa utawala uliokwisha kukomaa kwingine. Miongoni mwake imo istilahi *kura ya turufu*. Makala haya yanadai kuwa istilahi hiyo haifafanuki vyema bila historia ya karata.

Chimbuko la karata hutafutwa China, lakini mfano ulio karibu na karata zetu ni wa Misri ya Wamamluki. Karata zilizohifadhiwa katika jumba la Topkapı, Istanbul, ambazo L. A. Mayer alizieleza mwaka 1939, zina aina nne: vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Hazina picha za watu. Vyeo vimeandikwa tu, yaani mfalme, naibu na naibu wa pili. Kutokana na neno hilo la Kiarabu Waitaliano walipata *naibi*, jina la mchezo ambao Florence iliutungia amri ya kuuzuia mwaka 1377.

La kushangaza ni kwamba Waswahili, majirani wa Waarabu kwa karne nyingi, wanaye naibu ofisini lakini hawanaye katika karata. Majina yao ni ya Kireno: *karata* ni *carta*, *uru* ni *ouros*, *shupaza* ni *espadas*, *pau* ni *paus*, na *turufu* ni *trunfo*. Ni tabaka lile lile lililotuachia meza, gereza na bendera.

*Kopa* inastahili kutazamwa zaidi. Kwa Kireno *copas* ni vikombe, vile vile vya Misri. Michoro ya Kifaransa ya karne ya 15 ilipoenea, Wareno hatimaye waliipokea bila kuacha majina yao ya kale, na Waswahili wakaurithi mkanganyiko huo. Leo kijana wa Dar es Salaam achoraye kopa kwenye barua ya mapenzi huchora moyo na kutamka kikombe. Uru, iliyokuwa dhahabu, imekuwa umbo la almasi. Na fimbo ya polo, baada ya kuwa rungu, sasa ni jani la sehemu tatu.

Rwanda ilipitia mlango mwingine. Kiswahili hakikuwa kigeni Kigali, mji ulioanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, na mitaa kama Biryogo ingali shahidi. Hata hivyo, chini ya Ubelgiji lugha ya ofisi ilikuwa Kifaransa, na Kinyarwanda kina *ikarita*, neno moja linalobeba karata, kadi na ramani. Tatizo kubwa zaidi liko kwenye turufu. Kifaransa huiita karata ishindayo nyingine zote *atout*, na kura izuiayo uamuzi wa wengi huiita *veto*. Hakuna uzi unaoyaunganisha maneno hayo. Kiswahili kimeyaunganisha. Mfasiri aliyelijua neno kupitia habari za Baraza la Usalama pekee anaweza kuifasiri "turufu ya mgombea" kuwa *veto*, ilhali mwandishi alikusudia silaha ya ushindi tu.

Kwa sababu hiyo, kamusi zinazokusudiwa kutumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ziitaje turufu ya karata kuwa maana ya kwanza, nguvu ya ushindi kuwa ya pili, na kura ya turufu iwe kidahizo chini yake. Kopa nayo ipewe maana zote mbili, karata na umbo la moyo, pamoja na asili yake ya Kireno.