Jiwe linalofifia ndani ya mafuta ya karafuu

Mwezi Juni mwaka 2021 maelfu ya watu walimiminika katika kijiji cha KwaHlathi, zaidi ya kilomita 300 kusini mashariki mwa Johannesburg, wakiwa na sururu na majembe. Mawe yaliyopitisha mwanga yalikuwa yamepatikana huko, na watu waliamini kuwa ni almasi. Wengi wao hawakuwa na ajira. Mengine yaliuzwa papo hapo kwa randi 100 hadi 300. Tarehe 20 mwezi huo serikali ilitangaza kuwa yalikuwa kwatsi, madini yaliyo tele duniani.

Kosa hilo si la kustaajabisha. Kitu kisicho na rangi huonekana kwa sababu mwanga hupungua mwendo na kupinda unapokiingia, na sehemu yake hurudishwa na uso wake. Wanafizikia hueleza kiasi cha upungufu huo kwa namba: hewa ni takriban 1, maji 1.33, kwatsi 1.54, na almasi 2.42.

Jiwe likitumbukizwa katika kimiminika chenye namba inayokaribiana na yake, mwanga hupita kana kwamba hakuna mpaka, na kingo zake hufifia.

Imani ya mitaani kwamba almasi bandia hutoweka majini kwa hiyo haina msingi. Tofauti ya 1.33 na 1.54 bado ni kubwa, na kwatsi huonekana vizuri tu ndani ya glasi ya maji.

Mafuta ya karafuu, ambayo wakazi wa Unguja na Pemba wanayafahamu zaidi kama dawa ya jino, yana namba ya takriban 1.53. Wachunguzi wa madini wameyatumia kwa miaka mingi chini ya hadubini. Kwatsi safi ikizamishwa humo karibu hupotea, zikabaki nyufa na uchafu ulionaswa ndani yake. Almasi huendelea kung'aa.

Hata hivyo, mafuta hayo hayamtoshi mnunuzi wa Johannesburg, mji ambao mwaka 1905 maelfu walifika benki kuitazama almasi ya Cullinan, yenye karati 3,106. Zirkonia ya viwandani, yenye namba inayozidi 2.1, nayo hung'aa ndani ya karafuu. Almasi iliyotengenezwa maabara ina 2.42 ileile ya iliyochimbwa ardhini, na kuzitenganisha huhitaji mitambo maalumu.